UZI: Kumsaili na kumchagua dada wa kulea mtoto hapa Kigoma – maswali, majaribio na makubaliano

Mama Gungu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana Kigoma. Kila Januari maombi ni yale yale: nani ana dada, nitafutieni dada, nauli natuma leo. Binti anashuka stendi, analala usiku mmoja, kesho yake mama anakwenda kazini na mtoto wa miezi saba anabaki na mtu ambaye hata jina la baba yake halijulikani. Matatizo mengi yanayofuata yangezuilika kwa usaili wa nusu siku. Naweka utaratibu ninaoufahamu, wenye ujuzi wa afya na sheria waongezee.

Kabla hujamtafuta mtu, andika kazi yenyewe kwenye karatasi. Umri wa mtoto, saa atakazobaki naye peke yake, nani anafua, nani anachota maji, nani anapika cha familia. Kosa kubwa kuliko yote ni kutafuta mlezi halafu kumpa kazi za watu watatu. Mtu anayelea mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawezi wakati huohuo kuchota ndoo kumi, kufua mashuka na kuinjika maharage kwenye mkaa. Kuna kitu kitaachwa, na mara nyingi kinachoachwa ni mtoto, kwa sababu yeye hawezi kusema.

Kumpata: tumia mtu anayeijua familia ya binti kwa nyumba, si kwa namba ya simu. Jirani mwenye kwao Kalinzi, muumini mwenzako wa Buhigwe, mwalimu anayefundisha kijijini kwao. Dalali anayelipwa kwa kila anayemleta hana sababu ya kukwambia kwamba binti ni mgonjwa au ameachishwa shule. Kabla ya kutuma nauli, ongea na mzazi, kisha ongea na binti akiwa peke yake kwenye simu. Muulize kama kazi anaitaka yeye au anasukumwa, kama anajua ni ya kulea mtoto mdogo, ametajiwa mshahara kiasi gani (aliyemtafuta mara nyingi humtajia kiasi tofauti na chako), na nani ajulishwe akiugua.

Sasa usaili. Usianze na "unapenda watoto?" Hakuna atakayejibu hapendi. Uliza maswali ambayo jibu lake ni kitendo:

– Mtoto ameshiba, ni mkavu, lakini analia nusu saa mfululizo. Unafanya nini kwanza, kisha nini? Unachotaka kusikia ni kumkagua: joto la mwili, nepi, nguo inayobana, mdudu, sikio. Kisha kumbeba, kumpeleka kivulini, kupiga simu. Jibu bora kabisa ni la anayesema, "nikiona nimechoka namlaza mahali salama, namwita jirani". Akisema atamchapa kidogo au atamtikisa anyamaze, maliza usaili kwa upole.
– Mkaa umewaka, sufuria inachemka, mtoto anatambaa. Yuko wapi wakati huo? "Pembeni yangu" si jibu. Anatakiwa awe mgongoni au nyuma ya kizuizi, na mwenye kumbeba mgongoni hainami juu ya jiko.
– Mtu anabisha hodi, anasema baba amemtuma amchukue mtoto. Hapa jibu ni moja tu: mlango haufunguliwi mpaka mama au baba apigiwe kwa namba iliyopo ndani.
– Mtoto ameanguka kitandani, hana jeraha, mama hayupo. Utasema? Hili ndilo swali la uzito kuliko mengine. Atakayesita, mwambie wazi kwamba hutamfokea kwa kukwambia ukweli, na ushike ahadi hiyo. Nyumba ambayo dada hufokewa kwa kikombe kilichovunjika ndiyo nyumba ambayo mtoto akigonga kichwa hakuna atakayejua.
– Mtoto wa mwisho uliyemlea alikuwa na umri gani, na ulikuwa unamwogeshaje? Hapo nyamaza utazame mikono yake. Aliyelea kweli hawezi kueleza kwa mdomo tu. Ataonyesha kiganja chini ya shingo, atachovya kiwiko kwenye maji ambayo hayapo, atafuta mikunjo ya shingo na kwapa hewani. Anayekariri maneno mikono yake hutulia mapajani.

Baada ya maswali, mpe mtoto kwa saa tatu huku wewe uko nyumbani unafanya kazi nyingine. Usimwelekeze. Tazama kama ananawa mikono kabla ya kumshika, kama anaongea naye, kama macho yanamfuata mtoto hata anaposhika simu. Mtoto kulia mwanzoni si kigezo. Watoto wa miezi minane hadi mwaka na nusu huwalilia wageni wote. Kigezo ni mlezi anafanya nini mtoto akilia.

---

Bint Katubuka

Asante dada, hili la kutazama mikono nimelipenda. Swali: mabinti wengi wa vijijini wanakuja bila kitambulisho chochote, wanasema tu "nina kumi na nane". Umri unathibitishwaje?

---

Sheria Mkononi

Bint Katubuka, kama ana namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kazi ni rahisi. Namba ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kadi ya mpiga kura nayo hutolewa kuanzia miaka 18. Kama hana vyote, omba cheti cha kuzaliwa au barua ya mtendaji wa kijiji yenye picha yake na muhuri uliogongwa juu ya picha.

Kisha fanya hesabu ya shule. Muulize la saba alimaliza mwaka gani. Watoto wetu huanza la kwanza wakiwa na miaka sita au saba, kwa hiyo wengi humaliza wakiwa na 13 au 14. Aliyemaliza la saba mwaka jana kwa kawaida hajafikisha miaka 18, hata awe mrefu kiasi gani. Ukiongeza miaka minne au mitano baada ya la saba ndipo unakaribia 18.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kati ya 14 na 18 anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Kumwachia nyumba, jiko na kichanga kuanzia asubuhi hadi jioni si kazi nyepesi. Kwa mlezi wa kubaki peke yake, chukua mwenye miaka 18 na kuendelea. Ukigundua aliyeletwa ni mtoto, usimpakie basi peke yake usiku. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, arudishwe kwao kwa utaratibu.

Jambo lingine la mkoa wetu: mtu aliye mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na raia wa nje haajiriwi bila kibali cha kazi. Msitumie hali yao kupata wa bei rahisi. Mnamweka yeye hatarini zaidi yenu, maana akidhulumiwa ataogopa kwenda kulalamika.

---

Nesi wa Zamu

Nimeona niingie kwenye afya, kwa sababu usaili mwingi unaishia kwenye kupika na kufua. Haya ndiyo ya kumpima mlezi, na asipoyajua si lazima umkatae. Mfundishe, kisha mwambie akuonyeshe yeye mwenyewe. Akishindwa baada ya kuelekezwa mara mbili tatu, huyo mwache.

Kuharisha. Mpe pakiti ya ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini) na chombo, atengeneze mbele yako. Nyingi ni za lita moja, ziko na za nusu lita, kwa hiyo lazima asome pakiti. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, yapimwe kwa chupa ya lita, si kwa jagi la kukadiria. Akiweka maji machache chumvi inazidi, na hiyo inamdhuru mtoto. Akiweka mengi dawa inakosa nguvu. Pakiti haigawanywi nusu. Ikichanganywa ni saa 24 tu, inayobaki inamwagwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe baada ya kila choo cha maji, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole zaidi. Vidonge vya zinki hutolewa kituo cha afya pamoja na ORS na havikatishwi kuharisha kukikoma. Humalizwa siku 10 hadi 14.

Homa. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo homa haisubiriwi "tuone kesho". Mlezi asitoe dawa yoyote, hata panadol ya maji, bila kupiga simu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto anakwenda hospitali papo hapo. Mtoto wa umri wowote ambaye hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, naye ni hospitali bila kumsubiri mama arudi. Dalili hizi nne mlezi azitaje kwa kichwa. Ziulizeni kila wiki mpaka zikae.

Kupaliwa. Chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze, msukume kifuani mara tano kwa vidole viwili chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, unakisukuma ndani. Mtoto akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Karanga, punje za mahindi, pipi ngumu na vichwa vya dagaa visimkaribie mtoto mdogo.

Kuungua. Maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna asali. Vua nguo na shanga za eneo hilo mapema kabla halijavimba, lakini kilichogandia kwenye ngozi kiache.

Mafuta ya taa. Asimtapishe, asimpe maziwa. Mafuta yakirudi juu ndipo yanaingia kwenye mapafu. Moja kwa moja hospitali. Na jamani, mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji.

Maji. Ndoo yenye maji ya kufika goti la mtoto inatosha kumwua mtoto anayejifunza kusimama, kwa sababu akiinama kichwa kinamvuta na hawezi kujinyanyua. Kila ndoo na beseni iwe na mfuniko au imwagwe. Ziwani mlezi asiende na mtoto kabisa, hata "kusuuza nguo kidogo".

Kulala. Mtoto mchanga alazwe chali, chandarua kikiwa kimechomekwa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata msimu wa mvua. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala.

Na kutikisa. Mwambieni kwa maneno yaliyonyooka: mtoto mchanga hatikiswi, hata kwa kuchezewa. Ubongo unapiga kwenye fuvu na damu inavuja ndani bila jeraha la nje.

---

Kalinzi Kwetu

Nesi, ubarikiwe. Na chakula je? Wengi wakiachiwa mtoto wanampa uji mwepesi siku nzima, na mama akirudi anaambiwa "amekula sana".

---

Nesi wa Zamu

Kalinzi Kwetu, pima kwa kijiko. Uji unaoteleza wote ukiinamisha kijiko ni maji, unajaza tumbo bila kumlisha. Uji unaofaa unakaa kijikoni na kudondoka taratibu. Kuanzia miezi sita anaanza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, akipanda polepole mpaka nusu kikombe cha robo lita kwa mlo. Miezi tisa hadi kumi na moja ni nusu kikombe hichohicho, mara tatu au nne. Maziwa ya mama yanaendelea.

Uzuri wa hapa kwetu ni kwamba vya kurutubisha vipo sokoni. Dagaa wa ziwani wachambuliwe vichwa na mchanga, wakaushwe vizuri, wasagwe laini, kijiko kimoja kwenye uji au viazi vilivyopondwa. Mawese mekundu kijiko kidogo cha chai yanaongeza nguvu na vitamini A. Ugali wa muhogo mtupu kwa mtoto wa miezi minane ni shibe isiyomjenga, lazima ufuatane na maharage yaliyopondwa, samaki asiye na miiba au yai. Asali, hata iwe safi namna gani, isubiri mpaka atimize mwaka.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa: nje ya friji si zaidi ya saa nne, na kwa joto la hapa Kigoma chukulieni pungufu ya hapo. Yaandikwe saa yaliyokamuliwa. Yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu, yasichemshwe motoni. Aliyoyabakiza mtoto baada ya kunywa hayarudishwi kuhifadhiwa. Kikombe kidogo kilicho wazi ni salama kuliko chupa ya chuchu, kwa sababu kinasuguliwa kikatakata. Mlezi amkalishe mtoto wima, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe na kumwacha avute mwenyewe. Asimmiminie.

---

Mwandiga Stendi

Wapo mabosi wanaotaka dada apimwe ukimwi na ujauzito kabla ya kuanza kazi. Hii imekaaje kisheria?

---

Sheria Mkononi

Haijakaa vizuri. Sheria ya ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU au ujauzito. VVU pia haviambukizwi kwa kumbeba mtoto, kumlisha wala kumwogesha. Kinachohusu usalama wa mtoto ni kikohozi cha wiki mbili na zaidi. Kifua kikuu (TB) huambukiza kwa hewa, na mtoto mdogo anaweza kuugua vibaya. Mwenye kikohozi hicho mpelekeni kituo cha afya. Vipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Gharama ya usafiri ni ya mwajiri, na majibu ni ya mgonjwa.

---

Nesi wa Zamu

Nakazia hapo. Na chanjo za mtoto wenu mwenyewe ziwe zimekamilika, kinga yake msiitafute kwa kumpima dada.

---

Mzee wa Reli

Mama Gungu umeandika vizuri, ila mimi siafiki dada wa kulala ndani kwa kila nyumba. Nyumba ya vyumba viwili haina pa kumlaza kwa heshima. Kwa mzazi anayetoka asubuhi na kurudi saa kumi, mama mtu mzima wa mtaani, mwenye kwake Mwanga au Ujiji, anafaa zaidi. Anajulikana kwa mjumbe, amezaa na kulea, jioni anarudi kwake. Hoja za kumpima ni mbili. Umbali wake: asiye na uwezo wa kufika kwa miguu atachelewa siku ya mvua, kwa hiyo nauli iwe sehemu ya makubaliano. Na nani anabaki na watoto wake yeye: wakiugua hatakuja, na hana kosa.

---

Mama Gungu

Mzee shikamoo, hoja yako naikubali kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja na kwa kazi yenye saa zinazotabirika. Kwa wanaofanya zamu za usiku, au wanaosafiri na boti na treni, wa kulala ndani bado anahitajika. Wa kulala ndani awe na chumba chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani na funguo akae nazo yeye. Kulala sebuleni, au chumba kimoja na vijana wa kiume wa nyumba, ni kumweka hatarini. Wanaume wa nyumba waelezwe mipaka yao kabla hajafika, si baada ya kosa.

Kituo cha kulelea watoto mchana nacho ni chaguo, kwa mtoto anayetembea. Ulizeni usajili wake kwa ustawi wa jamii, na hesabuni watoto kwa kila mlezi kwa macho yenu, saa tano asubuhi, bila taarifa.

---

Bint Katubuka

Kuhusu mshahara na mkataba, tunaomba mwongozo. Wengine wanatuma hela yote kwa wazazi kijijini, binti haoni kitu mwaka mzima.

---

Sheria Mkononi

Mshahara ni wa aliyefanya kazi. Anapewa yeye mkononi au kwenye simu yake kwa jina lake. Akitaka kumtumia mama yake, atatuma mwenyewe. Mkato wowote, iwe nauli ya kumleta kutoka Kasulu au sahani iliyovunjika, hauruhusiwi mpaka akubali kwa maandishi, na busara ni kutokata kabisa.

Kima cha chini: amri ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayetoka kwake. Amri mpya imeanza Januari 2026, kwa hiyo chukueni kiwango kinachotumika sasa ofisi ya kazi kabla ya kuandika. Hicho ni kima cha chini, si bei ya mlezi mzuri. Anayebaki na kichanga siku nzima anastahili zaidi, na mkilipa chini ya jirani yenu, ataondoka kwa jirani yenu.

Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku, na siku za kazi zisizidi sita. Ziada inalipwa mara moja na nusu, na hata pamoja na ziada siku haizidi saa 12. Kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Anayeishi kwa mwajiri, mapumziko ya usiku yanaweza kushushwa kutoka saa 12 hadi nane kwa makubaliano ya maandishi, lakini si chini ya hapo. Maana yake kama anaamka kumhudumia mtoto usiku, hizo ni saa za kazi na zinafidiwa. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Kuachana ndani ya mwezi wa kwanza, notisi ni siku saba. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28, kwa pande zote mbili.

Karatasi iwe fupi, kwa Kiswahili, nakala mbili. Mfano:

"Mimi (jina), wa mtaa wa (…), nimemwajiri (jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina na simu ya mzazi) kumlea mtoto wa miezi (…) kuanzia tarehe (…). Kazi zake ni: kumlisha, kumwogesha, kufua nguo za mtoto, usafi wa chumba cha mtoto. Hatafua nguo za watu wazima. Saa za kazi ni (…) hadi (…). Siku ya mapumziko ni (…). Mshahara ni shilingi (…), utalipwa kila tarehe (…) kwa simu yake. Chakula na malazi ni juu ya mwajiri na havikatwi kwenye mshahara. Akiugua, mwajiri atagharamia matibabu. Mtoto hapigwi. Mfanyakazi hapigwi wala hatukanwi."

Wote wawili wasaini, na shahidi mmoja kila upande. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti na mtu anayemwamini yeye. Kisha mtambulisheni ofisi ya mtaa aandikwe kwenye daftari la wakazi. Mgogoro ukitokea upo mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na chama cha CHODAWU kinawahusu wafanyakazi wa majumbani. Mwambieni hivyo tangu mwanzo. Mwajiri mwenye nia njema hapotezi kitu.

---

Kalinzi Kwetu

Na kumpigia mwajiri wa zamani? Wengi wanasema tu "alikuwa mzuri" ili waachane na simu.

---

Mama Gungu

Usimwulize alikuwaje. Uliza vitu vyenye tarehe na kiasi: alianza lini, aliondoka lini, mtoto alikuwa na umri gani, alikuwa anabaki naye saa ngapi, mliachana kwa sababu gani, na aliondoka akiwa amelipwa yote? Majibu yalinganishe na aliyokwambia binti. Mwisho uliza, "leo akitaka kurudi, utamchukua?" Sikiliza muda anaochukua kabla ya kujibu. Na kumbuka mwajiri aliyemdhulumu atamsema vibaya, kwa hiyo sauti moja haitoshi. Mwalimu wake au kiongozi wa dini wa kijijini naye apigiwe.

---

Mwandiga Stendi

Akishaanza kazi, mtu atajuaje mtoto anateswa? Kamera si kila mtu anaziweza.

---

Nesi wa Zamu

Mtazame mtoto kila jioni wakati wa kumwogesha, mwili mzima, kwenye mwanga. Michubuko ya magotini na kwenye paji la uso kwa anayetembea ni ya kawaida. Ya masikioni, shavuni, mgongoni, mapajani kwa ndani, au yoyote kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa, si ya kawaida. Kuungua kwenye mstari ulionyooka kama soksi ni alama ya kuchovywa kwenye maji ya moto. Mtoto anayelala mno mchana na kuamka amelegea huenda anapewa dawa ya mafua inayolevya ili anyamaze, kwa hiyo hesabuni dawa zenu na kuzifungia. Nepi zilizotumika zihesabuni pia. Mtoto wa miezi sita aliyebadilishwa mara moja kutwa nzima alikuwa ametelekezwa hata kama nyumba inang'aa.

Rudini nyumbani saa zisizo za kawaida, mara kwa mara. Ongeeni na jirani wa ukuta mmoja. Mkiona dalili za kipigo au za kuchezewa sehemu za siri, msimwogeshe mtoto wala msianze kumhoji dada kwa vitisho. Mpelekeni hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Dada naye akiwa na umri wa mtoto na anateswa ndani ya nyumba, namba ni hiyohiyo.

---

Mzee wa Reli

Marahaba mama. Wiki ya kwanza iendeje? Wengi likizo ya uzazi inaisha Ijumaa, dada anafika Jumamosi.

---

Mama Gungu

Hapo ndipo wengi wanapoharibu, mzee wangu. Siku 84 za likizo ya uzazi zinajulikana mwisho wake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo dada afike angalau wiki mbili kabla. Siku tatu za mwanzo anatazama tu jinsi mama anavyofanya. Siku ya nne hadi ya saba anafanya yeye, mama yupo. Wiki ya pili mama anatoka saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku, na kila akirudi anauliza mambo matatu: amekula nini na kiasi gani, amelala saa ngapi hadi saa ngapi, choo kilikuwaje. Asiyejua kuandika achore mistari ukutani kwa mkaa, inatosha.

Mlezi awe na simu yenye vocha na chaji, hata ya kitochi. Ukutani bandikeni karatasi kwa herufi kubwa: namba ya mama, ya baba, ya jirani wawili, ya bodaboda anayeaminika, jina la kituo cha afya kilicho karibu, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto, uzito wa mtoto, na dawa zinazomletea mzio kama zipo. Chini ya karatasi wekeni bahasha yenye nauli ya dharura na nakala ya kadi ya kliniki. Mwambieni hela hiyo akiitumia kumwahisha mtoto hospitali hataulizwa risiti.

---

Bint Katubuka

Swali la mwisho kwangu. Akiondoka ghafla bila notisi?

---

Mama Gungu

Siku unayomwajiri, tafuta na wa akiba: shangazi, mama wa mtaani au kituo. Wa akiba aje mara moja kwa mwezi akae na mtoto saa mbili ili mtoto asimwone mgeni. Na dada akisema anataka kuondoka, usimzuilie mshahara, simu wala kitambulisho ili abaki. Mlipe siku alizofanya, mpigie mzazi wake ujue anafikaje, badilisha kitasa kama alikuwa na funguo, na siku hiyohiyo mpigie wa akiba.